Sauti Haipiti Masijala

Namna ya kuandaa fayawoli na proksi kwa mikutano mtandao, ukiwa Mugoma, wilayani Ngara

Saa tatu asubuhi kikao kinafunguliwa. Nyuso zimejaa kwenye kioo, majina yanasomeka, mtu wa Bukoba ameandika salamu na wewe umemjibu kwa maandishi, akaona. Zamu yako inafika, unawasha kipaza sauti, unaanza kusoma taarifa. Kimya. "Mugoma, hatuwasikii." Unarudia kwa sauti kubwa zaidi, utadhani Bukoba watakusikia kupitia dirishani. "Mugoma, bado." Mwishowe mwenyekiti anasema kwa upole kwamba mtandao wa huko Ngara anaujua, na kikao kinaendelea bila nyie.

Mara nyingi mtandao unasingiziwa. Kama maandishi yanapita, majina yanapita na ukurasa unafunguka, ila sauti na picha ndizo zinazogoma, basi kuna kitu katikati kinachochagua nani apite na nani abaki. Kitu hicho huwa ni fayawoli, yaani ule ukuta unaokaa kati ya kompyuta zenu na dunia ya nje, au proksi, yule wakala anayewaombea kurasa na kuwaletea. Vyote viwili viliwekwa kwa sababu njema, na mtu aliyeviweka huenda alishahamishwa wilaya.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa "mambo ya kompyuta" shuleni, zahanati au kwenye chama cha ushirika kwa sababu siku moja ulifanikiwa kunasua karatasi kwenye printa. Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji kuelewa jambo moja vizuri, kisha ufungue milango michache bila kubomoa ukuta.

Jambo lenyewe ni hili. Kila aliyefanya kazi ofisini anaijua masijala: barua inaingia, inapigwa muhuri, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba, inawekwa kwenye jalada, ndipo inapanda kwa mkubwa. Utaratibu huo unafaa sana kwa barua, kwa sababu barua ikichelewa nusu saa haiharibiki, na ikipotea inaandikwa nyingine. Kurasa za intaneti husafiri hivyohivyo. Njia yake inaitwa TCP: kila pakiti, yaani kipande cha ukurasa, ina namba, ikikosekana inaombwa upya, na zinazofuata zinasubiri mpaka ile iliyopotea ipatikane. Proksi ni masijala ya barua za namna hiyo.

Sauti ya mtu haiko hivyo. Anayemwita mwenzake aliye kilima cha pili hawezi kusimama kila neno likichukuliwa na upepo. Silabi moja ikipotea, aliye ng'ambo anaelewa na mazungumzo yanaendelea. Njia ya kupelekea maneno namna hiyo inaitwa UDP: tuma, usisubiri risiti. Zoom, Microsoft Teams, Google Meet, Jitsi, zote hupenda kupeleka sauti na picha kwa UDP. Ukuta ukiikataa, programu hizi hujaribu kujipenyeza kwa TCP kwenye poti 443, yaani mlango wenye namba hiyo, uleule wa kurasa za kawaida. Zikifanikiwa, sauti inafika ikiwa imechelewa, inakwama, halafu inakuja kwa mkupuo kama maji ya bomba lililokuwa na hewa. Zisipofanikiwa, unabaki uso usio na sauti.

Kwa hiyo kazi yako ni kuiondoa sauti masijala: kurasa ziendelee kupita kwa proksi, sauti itoke moja kwa moja kwa mlango mwembamba unaoujua.

Pima kabla ya kushika chochote

Chukua kompyuta ileile iliyogoma, ikate kwenye mtandao wa ofisi, iunganishe kwenye bando la simu yako, uingie kwenye ukurasa wa majaribio wa Zoom (zoom.us/test) au kikao kifupi na rafiki. Sauti ikipita kwa simu na ikakataa kwa mtandao wa ofisi, tatizo ni ukuta wenu. Ikikataa kote kuwili, tafuta kwingine: kipaza sauti kilichozimwa, programu ya zamani, au Windows yenyewe. Mara ya kwanza programu ya mikutano inapofunguliwa, Windows huuliza kama iruhusiwe kwenye mtandao, na wengi wetu hubonyeza kukataa kwa haraka ya kuondoa kile kidirisha.

Kwa Ngara jaribio hili lina mtego wake. Tuko pembeni mwa nchi mbili, na kwenye vilima vinavyotazama Burundi simu hupenda kushika mnara wa ng'ambo bila kukuuliza. Ukiacha gharama ya kutumia mtandao wa nje, kuna la saa: Burundi na Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyoshika mnara wao hurudisha saa yake. Nimeona mtu akikosa kikao kizima kwa hilo. Baya zaidi ni anayeona simu na kompyuta hazikubaliani, akaamua "kurekebisha" kompyuta kwa mkono. Kompyuta iliyopotea kwa saa nzima inaweza kukataliwa na proksi inayotumia Kerberos kuwatambua watumiaji, kwa sababu Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Namba za siri za muda mfupi, zile zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, nazo zitakataa kama zinatengenezwa na kompyuta hiyo. Kwa hiyo kabla ya jaribio, ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua mtandao wa Tanzania kwa mkono, na kwenye kompyuta hakikisha eneo la saa ni la Afrika Mashariki na saa inajisahihisha yenyewe.

Jiridhishe pia kwamba hitilafu haiko mbali na uwezo wako. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, unavuka kwenda Burundi kupitia Kabanga na kwenda Rwanda kupitia Rusumo, na mipaka hiyo yote miwili imo ndani ya wilaya hii. Ngara basi iko njiani, si mwisho wa njia. Lakini kutoka kwenye faiba hadi ofisini kwenu kuna mnara wa simu, au antena mbili za redio zinazotazamana juu ya mabonde, na huko mbele kuna bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo ukibadilisha fayawoli utaharibu iliyokuwa nzima.

Mlango wa kutokea, si wa kuingilia

Hapa ndipo watu huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ruta nyingi za ofisi ndogo, iwe MikroTik ya bei ya kawaida au kompyuta ya zamani iliyogeuzwa kuwa fayawoli kwa pfSense, zina kumbukumbu. Kompyuta ya ndani ikianza kuzungumza na seva ya nje, ruta hukumbuka na kuruhusu majibu yarudi. Programu za mikutano hutegemea hilo: siku zote anayepiga hodi ni kompyuta yako. Hakuna mtu wa nje anayehitaji kuja kugonga kwenu ili usikike Bukoba. Kwa hiyo kanuni unazoongeza ni za kutoka: kutoka mtandao wa ndani, kwenda nje, kwa UDP, poti fulani, ruhusu. Basi.

Ofisi moja niliyoitwa kuisaidia, mtu alikuwa amesoma orodha ya poti akazifungua zote kwa upande wa kuingilia, zikielekezwa kwenye kompyuta ya mhasibu. Alipoona bado sauti haipiti akaongeza poti nyingine kwa kubahatisha, ikiwemo 3389, ya kuiendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali. Sauti haikupita, kwa kuwa tatizo lilikuwa la kutoka. Waliopita ni wageni: daftari la matukio la kompyuta ile lilijaa majaribio ya nywila, mamia kwa usiku mmoja, kutoka nchi ambazo mhasibu hakuwahi hata kuzitumia kadi ya Krismasi. Ukikuta kanuni za aina hiyo kwenye ruta uliyorithi, zifute kabla ya kuendelea na mwongozo huu.

Sasa poti zenyewe. Zoom hutumia UDP 8801 hadi 8810, pamoja na 3478 na 3479. Na kwa TCP hutumia 443, 8801 na 8802. Teams hutumia UDP 3478 hadi 3481, na Microsoft huitangazia mafungu ya anwani ambayo unaweza kuyaandika kwenye kanuni yako: 52.112.0.0/14 na 52.122.0.0/15. Google Meet hutumia UDP 3478 na 19302 hadi 19309. Jitsi, ambayo taasisi nyingi huipenda kwa kuwa ni ya bure na inaweza kusimikwa kwenye seva yenu wenyewe, hupeleka sauti na picha kwa UDP 10000. BigBlueButton, ambayo vyuo huitumia kufundishia, ina tamaa: UDP 16384 hadi 32768. Hiyo usiifungulie dunia nzima. Uliza anwani ya seva ya chuo husika na uiruhusu hiyo peke yake.

Usifungue zote kwa sababu nimezitaja. Angalia mialiko ya miezi mitatu iliyopita. Kama kila kikao chenu kilikuwa Zoom isipokuwa kimoja cha Teams, fungulia hizo mbili.

Utajiuliza kwa nini aliyekutangulia aliifunga UDP yote. Hakuwa mjinga. Vivinjari vya siku hizi hupenda kupakua kurasa kwa UDP kwenye poti 443, na kurasa zikipita huko proksi haizioni, kwa hiyo hesabu ya nani ametumia bando lote la mwezi haipatikani. VPN nyingi, zile njia za kuficha mawasiliano, nazo hupita kwa UDP. Akafunga yote, akalala usingizi. Heshimu nia yake: acha UDP kwa jumla ikiwa imefungwa, na juu ya kanuni hiyo ya kufunga weka zako chache za kuruhusu. Nimesema juu yake kwa makusudi. Fayawoli husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kutii ya kwanza inayolingana. Ukiiweka ruhusa chini ya katazo, ni sawa na kubandika tangazo nyuma ya mlango uliofungwa.

Proksi

Kama hamna proksi, ruka hadi sehemu ya foleni.

Kama mnayo, yaelekea ni Squid inayokaa kwenye poti 3128, na kuna namna mbili ilivyounganishwa. Ya kwanza, kila kompyuta imeandikiwa anwani ya proksi kwenye mipangilio yake. Ya pili, ruta inazikamata kurasa kimyakimya na kuzipeleka kwa proksi bila kompyuta kujua. Namna ya pili hukamata TCP tu kwenye poti za kurasa, kwa hiyo UDP uliyoifungulia hapo juu itatoka moja kwa moja bila kuigusa. Namna ya kwanza inataka uangalifu zaidi, kwani programu ya mikutano nayo husoma mipangilio hiyo na kujipeleka kwa proksi kwa utii.

Squid haibebi UDP. Inachoweza ni kupokea ombi la kufunguliwa njia ya moja kwa moja hadi seva fulani, na kwa mipangilio inayokuja nayo kiwandani inaruhusu njia hiyo kwa poti 443 pekee. Ndiyo maana mtu huona Zoom inaingia kwenye kikao, inaonyesha majina, kisha inahangaika kwenye TCP 8801 na kunyimwa. Usiongeze 8801 kwenye poti ambazo Squid inaruhusu njia hiyo ukidhani umeponya. Utakuwa umeipeleka sauti masijala.

Dawa ni kuitenga. Ukiwa na kompyuta tano, nenda kwenye kila moja, tafuta mahali pa kuandika tovuti zisizopita proksi, andika *.zoom.us na *.zoom.com, au za huduma mnayotumia. Ukiwa na kompyuta thelathini za maabara ya shule, tengeneza faili la PAC: ni faili dogo la maandishi linalokaa kwenye seva ya ndani, na kila kivinjari hulisoma na kuambiwa tovuti hii nenda moja kwa moja, nyingine zote pita kwa proksi. Ukibadilisha mstari mmoja, kompyuta zote zinafuata. Kumbuka tu kwamba "moja kwa moja" inamaanisha ruta lazima iruhusu TCP 443 kutoka kwenye kompyuta hizo kwenda nje. Ukuta unaoruhusu proksi peke yake kutoka utaikatalia, na hapo utaona hata kile kilichokuwa kinafunguka kimekufa.

Kuna ofisi ambazo sera haitaki kitu chochote kitoke bila kupita proksi, na huna mamlaka ya kubadili. Basi punguza maumivu. Ndani ya Squid tengeneza orodha ya tovuti za mikutano, ukianza na nukta, .zoom.us, ili ishike na matawi yake yote. Iweke juu ya makatazo mengine, kwani Squid nayo husoma kutoka juu. Na uiondolee sharti la jina na nywila, kwa sababu programu ikiulizwa nywila katikati ya kikao mara nyingi hukatika bila kusema kwa nini. Na kama proksi yenu inafungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyakagua, isifungue haya. Programu za mikutano hutambua cheti ambacho si cha seva halisi na kukataa kuendelea. Zaidi ya hapo, kusikiliza kikao cha daktari na mgonjwa si kazi ya proksi.

Foleni

Kufungua mlango hakupanui njia. Zoom wenyewe hutaja kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde kwa sauti tupu, kama 600 kwenda na 600 kurudi kwa picha nzuri kati ya watu wawili, na megabiti 1.2 kwa picha ya 720p. Piga hesabu: picha ya kilobiti 600 kila upande kwa saa moja ni megabaiti kama 540. Sauti tupu, kwa kipimo cha juu, ni kama 72. Kwa anayenunua bando kwa gigabaiti, hiyo ndiyo tofauti kati ya kikao kimoja na saba.

Kasi ya kupakia ndiyo huwaumiza wengi. Intaneti ya mnara hukupa nyingi ya kushusha na kidogo ya kupandisha, na uso wako unapanda. Ndiyo maana wewe unawaona vizuri na wao wanakuona umeganda mdomo wazi. Walimu sita wakiwa chumba kimoja kwa semina ileile, kila mmoja na kompyuta yake, mnapandisha nyuso sita kwenye bomba la uso mmoja. Tumieni kompyuta moja, spika moja nzuri na projekta. Wakubwa hawapendi kuambiwa wazime picha, lakini waambie.

Kwenye ruta, weka foleni ya kipaumbele. Poti zilezile ulizoziruhusu zipewe nafasi ya mbele, na upakuaji mwingine wote ubaki nyuma yao. Kwa watumiaji wa MikroTik kuna mtego uliowachosha wengi: mipangilio ya kiwandani ina kanuni iitwayo fasttrack, inayoharakisha mawasiliano kwa kuyarusha juu ya foleni za kawaida. Ikiwa imewashwa, utaweka vipaumbele mpaka jioni na hakuna kitakachobadilika, maana pakiti hazipiti kwenye foleni ulizoziweka. Izime, au uibane isiguse poti za mikutano, ndipo upime tena.

Masasisho ya Windows nayo hupenda kushuka asubuhi kompyuta zinapowashwa. Kwenye mipangilio ya kila kompyuta iambie Windows kwamba muunganisho huu unahesabiwa, nayo itajizuia. Na kwa kuwa umeme ni umeme, ruta na antena ziwekee betri ya akiba yao. Vifaa hivyo hula kidogo sana. Betri ndogo ambayo haiwezi kuwasha kompyuta hata robo saa inaweza kushikilia ruta kikao kizima, na kompyuta mpakato ina betri yake.

Ruhusa za kuomba

Kama ofisi yako ni ya umma na imeunganishwa kwenye mtandao wa Serikali, mengi ya hapo juu si yako kuyabadili. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuzibana taasisi za umma zifuate viwango vyake. Wewe andika ombi kwa Afisa TEHAMA wa halmashauri, na uliandike vizuri ili lisirudi: anwani ya kompyuta zinazohusika, huduma inayotakiwa, UDP au TCP, namba za poti, kwamba ni za kutoka na si za kuingia, sababu, na tarehe ya kikao cha kwanza. Ombi linalosema "naomba Zoom ifunguliwe" litazaa maswali matano na majibu wiki ijayo. Hili ndilo la kupeleka masijala.

VPN usiifanye njia ya mkato. Ni kweli mara nyingine huifanya sauti ipite, kwa kuwa huficha UDP ndani ya kifurushi kingine. Lakini Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa taasisi inayotaka tu kusikika kwenye semina, kubeba VPN isiyotajwa popote ni kujitafutia maelezo ya kuandika. Na nyingi za bure hupitisha sauti yako Ulaya kwanza, kisha Bukoba.

Kurekodi nako kuna sheria. Ulinzi wa taarifa binafsi una sheria yake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zahanati inayomshauri mgonjwa kwa mtandao isirekodi bila ridhaa yake, na faili lisiachwe kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaijua nywila. Mahakama nazo tangu 2021 zina kanuni za kusikiliza mashauri kwa mtandao. Shahidi anayetoa ushahidi kwa njia hiyo sauti yake ikikatikakatika, aibu ya "hatuwasikii" si kitu tena. Kuna haki ya mtu pale. Chumba cha namna hiyo kiandae kwa waya, si kwa Wi-Fi, na foleni yake isichangiwe na mtu.

Jioni kabla ya kikao

Usijaribu asubuhi ya siku yenyewe. Jioni iliyotangulia piga kikao cha dakika kumi na mtu aliye nje ya jengo, mwenye bando la simu, na mwambie asikusifu, akueleze anachosikia. Wakati mnaongea, fungua ukurasa wa takwimu ndani ya mipangilio ya Zoom. Utaona mambo matatu: muda wa pakiti kusafiri, vizuri ukiwa chini ya milisekunde 150, mtikisiko, yaani pakiti kufika kwa vipindi visivyolingana, vizuri ukiwa chini ya 40, na zilizopotea, zisizidi asilimia 2. Muda ukiwa mkubwa lakini zilizopotea ni sifuri, sauti inachelewa tu na mtaizoea. Zilizopotea zikifika asilimia kumi wakati kila mtu ameshatoka ofisini, shida iko kwenye antena au mnara. Mpigie mtoa huduma ukimsomea namba hizo. Atakusikiliza tofauti na akisikia "mtandao unasumbua".

Halafu fungua daftari la fayawoli utafute zilizokataliwa kutoka kwenye anwani ya kompyuta ile, dakika zile za jaribio. Hapo hakuna kubahatisha. Ukiona UDP 3479 imekataliwa mara arobaini, unajua uliandika 3478 ukasahau mwenzake.

Andika ulichobadilisha kwenye karatasi, na tarehe, uibandike ndani ya mlango wa kabati la ruta. Kampuni hizi hubadilisha poti na anwani zao bila kumtangazia mtu wa Mugoma, kwa hiyo mara moja kila baada ya miezi sita linganisha karatasi yako na orodha wanazozichapisha wao wenyewe. Ndugu atakayekuja baada yako naye atajua ni ipi aliikuta na ipi ni yake.

Asubuhi yake, kama pamoja na yote hayo sauti imegoma, usishike ruta watu wakikutazama. Ingia kikaoni kwa simu, mtandao ukiwa umechaguliwa kwa mkono, na zima kipaza sauti na spika za kompyuta iliyobaki mezani. Zikibaki wazi zote mbili chumba kimoja, Bukoba watakusikia ukijijibu mwenyewe kama mwangwi wa bondeni.